Ukurasa wa Karafuu

Majina yaliandikwa,
kwa gundi yakabandikwa,
zamu isije kurukwa,
nami wa kumi na moja.

Jalada lina dhahabu,
vijana sita, ajabu,
wasioijua tabu,
na nyuma mji wawaka.

Wiki tatu nikangoja
kama sikukuu yaja,
nikazihesabu moja
moja, hadi nikachoka.

Zamu ilipowadia
begini nikakitia,
Limbani nikakimbia
na matope yaniruka.

Umeme ulikatika.
Tochi nikaifunika
mama asije amka,
nikafunua. Nasoma.

Wa kwanza yeye huruka,
wa pili moto huwaka,
wa tatu kuta huvuka
kama si mawe, ni hewa.

Wa nne, moyo wa mtu
kwake kusoma si kitu,
wa tano huwa ni chatu,
wa sita sikumwelewa.

Nikasema: Sasa basi,
vita vitakuja kasi,
adui hana nafasi,
patakucha sijalala.

Kumbe kurasa sitini
ni nywele na kiooni,
nani ampenda nani
na nani amenuniwa.

Msoma nyoyo za watu
kapendwa mwaka wa tatu
na hajui hata kitu
hadi alipoambiwa!

Naye yule wa kuruka,
mawinguni akifika,
alikwenda, akashuka,
malai akanunua.

Adui kaja mwishoni,
mia mbili na tisini,
kauawa aya gani
sikuwahi kutambua.

Nageuza karatasi
nipate mwisho halisi,
pana neno moja basi,
nalo: Itaendelea.

*

Bibi alipouliza,
"Kisa gani chakuliza?"
nami nikamueleza
mvulana wa kupaa.

"Huruka na ungo?" — "Hana."
"Usiku basi?" — "Mchana."
Akaguna: "Huyo, mwana,
hapa Pemba angechekwa."

*

Sasa nitaje la Faki,
kakangu, wala hataki.
Mguu haukunjiki
tangu alipoanguka.

Karafuu zilizaa,
na bei ilipopaa
juu kabisa kakaa,
tawi chini likalia.

Nilikuwa chini yake
na pishi na polo lake,
nikaona shati lake
limetuna, linashuka.

Nikarudi hadi pale
pa malai na kelele,
nikasoma: vilevile.
Na Faki akaniita:

"Nisomee nami, dada,
kulala nako ni shida."
Nikakishika kwa muda
kimya, kisha nikasoma

yasiyokuwamo humo:
mruka kaacha domo,
akasikia ngurumo
ya tawi, akageuka,

malai akaitupa,
mawingu akayachupa,
akaja Wete kwa pupa,
kijana akamdaka.

Kamshusha taratibu
jamvini, pale karibu,
bila jeraha na tabu,
kofia haikuvuka.

Faki kimya, kwenye dari
macho; kisha akakiri:
"Hicho kitabu kizuri,
nani aliyekitunga?"

Sikujibu. Kesho yake
nikakirudisha kwake
Bi Mgeni, niondoke;
jina langu nikakata.

Lakini kakangu huyo
hawezi weka la moyo,
kaisambaza na hiyo,
Wete nzima ikajua.

Orodha leo sitini,
foleni hadi ngazini.
Amalizaye, nyumbani
kwetu huja kuuliza:

"Ukurasa uko wapi
wa karafuu? Ni upi?
Au umechanwa?" Lipi
nijibu? Nimenyamaza.