Mababu wa Upande wa Mvua

Mjomba Litunu alichonga malimba yake ya kwanza
kwa ubao wa sanduku la sabuni
na spoki nane za baiskeli ya katekista,
ambaye Pasaka nzima alitembea kwa miguu
bila kujua gurudumu lake linaimba Kitangari.

Tundu la kibuyu alilifunika kwa utando wa buibui
ili sauti ikwaruze kidogo.
"Sauti safi," alisema, "ni ya mtu asiyedaiwa."
Yeye alidaiwa: chumvi, mafuta ya taa,
mahari iliyobaki nusu;
na kila msimu wa korosho alilipa kwa kupiga
mlangoni pa ghala, siku ya malipo,
watu wakihesabu noti kwa mwendo wa vidole vyake.

Huo ndio uliokuwa usanii.
Kuwapigia wali wanaotoka likumbi kule Mkunya,
kulalia majamvi ya watu,
kurudi na kuku aliyefungwa miguu,
na mkewe Asumini mlangoni:
"Siku tatu, kuku mmoja?"

Ndipo akaja Mwairishi wa mabomba.
Jina lake lilikuwa refu, tukalikata likawa Odo.
Kwao, alisema, mvua hunyesha hadi watu huiomba radhi.
Sisi wa uwanda wa juu, tuliofuata maji bondeni
na kuyapandisha kichwani kabla ya jogoo,
tulimtazama kama mtu anayeuza kitu.
Mfukoni alikuwa na filimbi ya bati.
Baba yake aliipiga kwenye minada ya ng'ombe,
akilipwa bia na viazi.
Mjomba akamsogezea kigoda.

Usiku ule nilishika chemli.
Wimbo wa Odo ulikuwa na kona nyingi,
ulikwenda kama mbuzi aliyekata kamba,
na malimba ya mjomba yalikuwa na vyuma vinane tu;
basi pale alipokosa chuma
aliweka kimya, au kikohozi.
Kufika alfajiri kikohozi kilikuwa sehemu ya wimbo.

Pampu ilitoa maji miaka miwili.
Odo aliondoka kabla haijafa.

Gari la redio lilipofika Newala
mjomba alirekodiwa nyimbo tatu
barazani kwa chama cha ushirika.
Walirusha moja. Ile.
Mtangazaji akasema, kwa sauti ya msibani:
"Muziki wa asili wa Wamakonde,
urithi wa mababu. Mpigaji hajulikani."

Mjomba alicheka hadi akashika nguzo.
Kisha akazima redio, kuokoa betri.
"Hajulikani," alisema baadaye, akimenya muhogo.
Na kabla muhogo haujaiva, tena:
"Hajulikani."

Siku hizi wali hutoka nao likumbi.
Vijana wa Tandahimba wanaupiga kwa kinanda na spika,
na kikohozi wanakikohoa,
pale pale,
wakiamini kina maana.

Mwaka jana alikuja mwanafunzi wa chuo na daftari.
Mjomba alikwishatimiza miaka tisa kaburini.
Akaniuliza: wimbo huu ni wa mababu wa upande upi?
Nikatazama malimba ukutani,
chuma cha tatu kimelegea,
buibui amerudi tunduni kudai mali yake.

"Wa upande wa mvua," nikasema.

Akaandika: bonde la Ruvuma.