Mteremko

Trekta yetu hailali bondeni.
Kila jioni naipandisha kwenye mteremko, huku Elburgon,
pua ikitazama boma,
jiwe mbele ya gurudumu,
kwa sababu betri ilikufa mwaka ule mahindi yalipooza
na bei ya mpya ni ndama jike.

Asubuhi za Julai ukungu hukalia usukani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Namimina birika la maji moto kwenye rejeta,
nalegeza nati, natoa upepo kwenye dizeli
mpaka povu liishe.
Kisha namwita Chelimo: Toa jiwe!

Huo ndio muda nisioupenda.
Tani moja na nusu za chuma zinashuka kimya,
breki ni jina tu,
ng'ombe wameinua vichwa,
nami nahesabu: kisiki, bomba la maji, lango la zizi,
naachia klachi.

Inakohoa. Inagoma. Inakohoa tena,
moshi mweusi,
halafu mikebe ya maziwa inaanza kutetemeka rafuni.

Jumamosi alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Nakuru.
Akaizunguka, akaigonga kwa funguo,
akataja bei kwa kilo.
Kwa kilo!
Kama mtu aliyeingia buchani.

Nikamwambia gasketi hiyo ni tyubu niliyoikata mwenyewe,
boliti ile ilikuwa ya lango la kanisa,
na ndama wa juzi hulala chini ya injini
mpaka joto liishe.
Hilo nalo lipime.

Akacheka, akapanda pikipiki.

Jioni nilikuwa bado na hasira, nikasahau jiwe.
Chelimo akalikumbuka.