Karafuu Tano

Julai, cheri zikiiva hadi kukaribia kuoza,
ndoo inapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne
mkononi mwangu siku hizi, ikipumzika kila mlango.
Wincenty alipanda na mbili, huku akipiga mluzi,
majirani wakachungulia wakajua msimu umefika.

Nazitandaza juu ya magazeti ya jana.
Pini ya nywele ndiyo kifaa:
unaichomeka pale palipokuwa na kikonyo,
unazungusha, kokwa inaruka.
Kufikia saa nne ukuta wa jikoni una madoa
kama ya mtu aliyetoka kuchinja.
Kokwa sizitupi zote. Konzi moja naifunga kwenye kitambaa,
naigonga kwa nyundo, si kuponda, kugonga tu,
mpaka harufu ya lozi ichungulie.

Kisha mtungi wa kioo, wa lita tano,
ule wenye ufa shingoni ambao hauvuji.
Cheri, sukari, cheri, sukari,
siku tatu dirishani mpaka zitokwe jasho.
Halafu vodka, safi, isiyo na la kusema,
mgeni aliyekuja mikono mitupu
ambaye ataondoka amevaa nguo za mwenyeji.

Sasa karafuu.

Daftari la Wincenty lipo, kila ukurasa una doa lake.
Mwandiko wa fundi saa, herufi zimesimama wima:
karafuu, tatu.
Kaka yangu Ziemowit aliyanakili maneno hayo
mwaka ule theluji ilipoziba barabara ya Supraśl,
akaenda kwake, akaloweka, akangoja, akachuja kwa shashi.
Kila mkesha wa Krismasi alikuja na chupa yake,
tukaiweka kando ya yetu.
Akaonja ya kwake. Akaonja yetu.
Akatazama dari.
"Kuna kitu," alisema.
Miaka kumi na mmoja: "Kuna kitu."
"Subira tu, shemeji," Wincenty alimjibu
akimchambua samaki miiba, bila kuinua macho.

Mimi nilikuwa naosha mitungi nyuma yake.
Aliandika tatu, akatia tano.

Hakuwa mchoyo, msimdhanie hivyo.
Saa za Ziemowit alizitengeneza bure,
na paa la banda lake, na baiskeli ya mtoto.
Ila mtu huwa na tundu moja dogo
anamofichia kitu kisicho na bei,
ili tu kiwe chake.

Tulimzika Februari. Ardhi ilikuwa ngumu,
wachimbaji wakaiwashia moto kwanza ilainike.
Langoni mwa makaburi Ziemowit alinishika kiwiko,
nikaiona midomo yake ikijipanga kuuliza,
naye akauliza kama nimekula.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo.
Lake lipo. Lina vichwa vidogo vya mviringo
na linauzwa dukani kwa Leokadia, kwenye pakiti,
limevuka bahari sijui ngapi
kuja kuzama katika cheri za Podlasie.

Nazihesabu kiganjani.
Moja, mbili, tatu: hizi ni za daftari.
Nne, tano: hizi ni za mkono wake.
Nikasimama hapo mpaka birika likakauka,
nikanusa chuma kinaungua.

Mtungi uko gizani sasa, nyuma ya makoti
ambayo bado sijayagawa.
Kila Jumapili nautikisa, naurudisha.
Wekundu unapanda polepole, kama aibu shingoni.
Desemba Ziemowit atakuja, ataonja, atatazama dari,
na hakutakuwa na mtu wa kumjibu ila mimi.

Nimetia nne.
Ya tano niliitafuna mwenyewe, nimesimama,
na ulimi wangu ulikufa ganzi hadi jioni.