Somo la Kupendekeza, Isyonje

Kikundi kimenichagua mimi
nipeleke mbegu za viazi Lichinga,
kwa kuwa, walisema, mdomo wangu haulali.
Basi kila Jumatano, ukungu ukimwagika kutoka Uporoto
kama maziwa yaliyofurika sufuria,
nakaa jikoni kwa Deolinda, mke wa fundi magurudumu,
aliyeolewa huku akitokea ng'ambo ya Ruvuma.
Nina daftari la mwanangu, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Naandika kwa sikio.
Ke tal: waonaje.
I se: na je, kama.
Purke nau: kwa nini tusi...
Pudiamush: tungeweza.
Na vamush, neno lisilohitaji mtu wa kulisukuma.

"Ukifika sokoni usiseme nunua," anasema, akimenya.
"Mnunuzi ni mbuzi. Ukimvuta kamba, anarudi nyuma.
Sema ke tal, halafu tazama pembeni."

Mbona Kireno chenu kina adabu hivi? nikamuuliza.
Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.
"Meza hii unayoegemea jina lake ni letu.
Leso ya kichwani kwako, letu.
Karata za mumeo, bendera ya shule, mvinyo wa padre.
Hata gereza. Kwetu hilo ni kanisa."

Hapo nikanyamaza.
Kanisa liliteremka pwani likiwa na kufuli?
"Hayo yote," akasema, sasa bila kucheka,
"hayakuingia kwa ke tal."

Usiku nikahesabu maneno ninayoamshwa nayo
mwaka wa ishirini na nane huu:
leta, funga, geuza, nyamaza.
Yote yanaishia na a,
mdomo wazi kama mlango uliopigwa teke.
Kumbe na sisi ke tal yetu tunayo,
imejibanza mkiani mwa kitenzi, herufi moja:
pika, tupike.
Lima, tulime.
Nyamaza, tunyamaze;
hata hilo, likisemwa hivyo,
ni watu wawili wanaosikiliza mvua.

Asubuhi nikamjaribia Ambakisye.
Alikuwa anashona magunia, kanipa mgongo.
I se, nikasema, tusiuze yote,
tubakize matano ya kupanda masika?
Purke nau, tukipaka chokaa kile chumba cha Sekela?
Akanitazama kama mtu anayedaiwa.
"Umemaliza?"
Akaenda zake kwenye pareto.

Wiki nzima, kimya.
Daftari nililiacha juu ya kabati.
Siku ya Ijumaa nikalikuta na doa la chai,
duara pana, kwenye ukurasa wa vamush.
Kikombe changu mimi ni kidogo.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
fuso limeshafungwa turubai, baridi inang'ata masikio,
akatokea na koti la harusi yetu juu ya sweta mbili,
mfuko wangu begani kwake,
na magunia matano, niliona, yamebaki barazani.

"Tuvamush," akasema.

Amebandika "tu" yetu mbele ya "sisi" yao,
kosa ambalo Deolinda angelipigia mistari miwili.
Sikumsahihisha.
Nikasogea, nikampisha dirishani.