Mshale Umelala

Manyovu hadi Kasulu mshale umelala
kama mgonjwa aliyegeukia ukuta.
Gari linakwenda, ndiyo,
ila linabugia mafuta,
na hita yanipulizia pumzi ya mtungi.

"Afadhali ubaridi kuliko kuchemsha,"
alisema fundi Bitwale mwaka juzi,
akaing'oa thamostati, akaitupa
kwenye kopo la skrubu.
"Hii ni ya nchi za theluji."

Leo nimefungua mwenyewe:
tundu tupu,
maji yanapita bila kupiga hodi.
Nikatia mpya, na gasketi yake.

Kilima cha kwanza, kimya.
Cha pili, mshale ukajikohoza,
ukainuka,
ukakaa katikati.

Nikampitia Bitwale.
Akaligusa bomba la juu, akauondoa mkono upesi.
"Linachemsha hili!"
"Hapana, fundi. Limeamka."