Aliye Juu

Kwanza tulichimba. Riga, kando ya mto Daugava,
udongo ni mchanga uliolowa, hauaminiki kama ahadi ya mlevi.
Tukashindilia nguzo hadi zikagota,
tukasuka nondo, tukasimamisha katikati miguu minne ya chuma,
tukaipima kwa timazi mara tatu,
maana unywele mmoja chini ni hatua nzima juu.
Ndipo tukamwaga zege, tukalifunika mablanketi
kama mgonjwa wa homa. Ilikuwa Februari.

Voldemars, msimamizi, alitaka tungoje siku kumi na nne.
Skaidrite akamwambia, "Basi panda wewe."
Tukangoja ishirini na nane.

Skaidrite ana miaka hamsini na tisa na goti moja bovu.
Vidato themanini mwanzoni, mwishoni mia mbili na kumi,
kila alfajiri, chupa ya chai mgongoni
na ile nyingine, tupu,
ambayo hatuiulizi.

Mimi ni wa chini. Kazi yangu mikono:
kidole juu, pandisha; kiganja chini, shusha;
ngumi, simama hapo hapo hata mbingu zikianguka.
Husemwa aliye juu mngoje chini,
na wasemao huwa wana kinyongo.
Mimi nimemngoja miaka kumi na moja bila kinyongo,
shingo imekakamaa,
na uso wake siujui kama ninavyozijua soli za buti zake.

Winchi hujinyanyua yenyewe.
Fremu huukumbatia mlingoti kwa nje, jeki husukuma,
panatokea pengo la mita tatu, hewa tupu,
na kwa dakika ishirini kila kilicho juu,
mkono, kibanda, mawe ya mizani yaning'iniayo nyuma,
kimetulia kama mzigo kichwani pa mtu
aliyeitwa jina lake na asigeuke.
Tunatia kipande pengoni. Tunakaza bolti.
Skaidrite anapumua redioni. Nasikia.

Ghorofa ya tisa tuliifunga winchi kwenye jengo,
vishikizo vitatu, begani:
lililobebwa likambeba mbebaji.

Jioni ya dhoruba, kijana mgeni, Edvins, alileta minyororo.
"Tuufunge mkono, usije ukazunguka."
Skaidrite alicheka, akakohoa, akamketisha juu ya ndoo.
"Ukiufunga, mwanangu, yote italala chini.
Mimi hutoa breki, nikashuka.
Upepo ukitoka baharini, mkono unatazama bara;
ukigeuka, nao unageuka.
Ndiyo kazi yake ya usiku."

Sikulala. Dirishani niliitazama taa nyekundu
ikizunguka taratibu juu ya mapaa,
nikamkumbuka baba yangu, aliyefunga kila kitu kwa kufuli,
pamoja na mdomo wake.

Siku yake ya mwisho Skaidrite alishuka akihesabu kwa sauti.
Mia mbili na kumi. Akanipa mkono.
Kumbe ana macho ya kijivu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma:
jengo lilikuwa limetuzunguka pande tatu,
tukaishusha winchi kipande kwa kipande, kinyumenyume, wiki mbili,
chuma kikipita vioo vipya kwa upana wa kitabu.

Matundu ya vishikizo yalizibwa plasta.
Lile zege la Februari halikuondolewa; nani angeliweza?
Liko chini ya maegesho, miguu minne imekatwa usawa wa sakafu,
na mtu fulani huegesha hapo gari lake la bluu,
anatoa breki, anaondoka kazini.