Dodoso

Nasra wa kliniki amekuja na dodoso,
karatasi nne zimebanwa kwa pini.
"Baba Hiza, toka moja mpaka kumi,
maisha yako unayaweka wapi?"

Kwanza alinishika kifundo cha mkono, kwa mazoea,
akatafuta, akasogeza vidole, akatafuta tena,
rangi ikamtoka usoni.
Usihangaike, mwanangu, huko hakuna mtu.
Pampu haidundi, inazunguka.
Damu yangu siku hizi haipigi hodi,
inapita tu, kama maji ya mfereji.

Haya, tuandike.
Kutembea? Mwaka juzi kutoka kitandani hadi mlangoni
ilikuwa safari ya Korogwe kwa miguu,
na miguu yenyewe imevimba kama mihogo iliyolowekwa.
Leo natoka Makorora hadi barabara ya kumi na mbili
nasimama mara moja tu, tena kwa kusalimia.
Weka nane.

Kuoga? Kitambaa na kopo, nusu nusu.
Vijana wanajirusha majini kule Raskazone,
mimi natazama kama fisi mbele ya bucha lililofungwa.
Weka sifuri, kama ipo.

Kulala? Chali, waya umetoka tumboni umeshika ukuta,
nikigeuka najivuta kama mbuzi wa kamba.
Weka nne.
Ngoja.
Mwanjaa amelalia kifua hiki miaka thelathini na moja.
Usiku wa kwanza tuliporudi kutoka India
aliinua kichwa: "Hiza, umekuwa friji."
Akalia. Akacheka. Akasinzia.
Sasa nikitoka usiku kwenda chooni, betri begani,
anaamka kuuliza mvumo umekwenda wapi.
Hiyo utaiandika mstari gani?

Kazi. Miaka ishirini na sita nimenyoosha rimu za watu wa Tanga.
Sasa nakunywa dawa ya kulainisha damu;
spoku moja ikinichoma, navuja kama tairi.
Nakaa kwenye stuli. Semkiwa anafunga nati,
mimi nasikiliza.

Na umeme, dodoso lako haliulizi umeme?
Ukikatika, mtaa mzima huguna "aaah!"
Mimi siguni, nahesabu.
Usiku ule wa mvua betri za akiba zilikuwa tupu,
kidude kiunoni kikaanza kulia piii,
akaja Shemdoe mchomeleaji na jenereta kwenye toroli,
amejifunga khanga ya mkewe, matope hadi magotini,
hakusema neno.
Asubuhi akaja kudai hela ya petroli.
Nilifurahi, wallahi.
Tangu niugue watu walikuwa wakinipa tu,
wananipa huku wanaangalia pembeni.
Hakuna anayemkopesha mtu wa kuzikwa kesho.

Nasra kalamu iko hewani.
"Baba, nahitaji namba moja tu."

Mwanjaa, jikoni, ameacha kukuna nazi.
Hata yeye anaingoja.

Mwanangu, hiyo baiskeli uliyoiegemeza nje,
breki ya nyuma inakwaruza,
nimeisikia tangu ulipokata kona ya msikiti.
Raba imekwisha, sasa chuma kinakula rimu.
Usiondoke nayo hivyo.
Semkiwa! Lete spana namba kumi.